Namna ya kuchagua vyombo vya jikoni vya kuuza kwenye maonesho ya kazi za mikono

Ukipanga meza ya vyombo vya jikoni kwenye maonesho ya Dar es Salaam, mshindani wako hayuko banda la jirani. Yuko Kariakoo. Mteja anayesimama mbele yako anajua kwamba mwiko upo mtaani kwa bei ndogo, kwamba bakuli la plastiki halikosekani dukani, na kwamba sufuria hupitishwa mlangoni kwake na machinga. Kwa hiyo usianze kuchagua mzigo kwa kuangalia uzuri wa kitu. Jiulize hivi: kitu hiki kikishikwa, kikajaribiwa na kuelezwa na mtu anayekijua, kitapanda thamani machoni pa mteja? Kikipanda, kina nafasi mezani kwako. Kama kinajieleza chenyewe tangu mbali, waachie wenye maduka, maana kwa bei hutawaweza.

Ninamwandikia mtu anayenunua kwa mafundi, wasusi na wafinyanzi, kisha anauza mwenyewe ana kwa ana. Anayetengeneza kwa mikono yake naye atapata cha kuchukua, hasa kwenye hesabu.

Hatua ya 1: Jua nani atapita mbele ya meza yako

Maonesho hayafanani. Sabasaba huanza tarehe 28 Juni na kumalizika 13 Julai kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, barabara ya Kilwa. Huko watu huja kifamilia, wanatembea kutwa nzima na watoto, na wengi wanarudi kwa daladala. Mtu huyo hanunui kinu cha kutwangia. Atanunua upawa, kijiko cha kifuu, kibao kidogo cha kukatia vitunguu, kitu kinachoingia kwenye mkoba bila kumsumbua njiani.

Masoko ya mwishoni mwa wiki ya Masaki na Oysterbay yana watu wengine: wageni wanaoishi mjini, watalii, na Watanzania wanaopamba nyumba zao kwa vitu vya kwetu. Hawa wana gari au wana sanduku la ndege. Wanauliza mti gani, nani ametengeneza, nitautunzaje. Bei haiwatishi sana, lakini jibu la kubabaisha huwakimbiza.

Nanenane ni kitu kingine kabisa. Iwe Nzuguni Dodoma, Njiro Arusha au John Mwakangale Mbeya, kilele chake ni tarehe 8 Agosti na wateja wengi ni wakulima na familia zao. Wanaujua ungo kuliko wewe. Usiwapelekee ungo watu ambao mama zao wanausuka. Wapelekee kisichopatikana kwao, kama kawa ya Pemba, kile kifuniko cha chakula cha kusukwa, au mbuzi ya kukunia nazi iliyotengenezwa imara.

Halafu kuna kalenda ya jikoni yenyewe. Wiki chache kabla ya Ramadhani, kibao cha chapati na msukumio, masinia, makawa na vifaa vya nazi vinatafutwa. Desemba watu wanarudi makwao na wanataka zawadi ya mama. Na mwaka mzima kuna kicheni pati. Wanaokwenda kumfunda bibi harusi huhitaji zawadi inayoonekana kubwa bila kuwamaliza mfukoni, na kwa maoni yangu hawa ndio wateja bora kuliko wote kwa biashara hii, kwa sababu hununua seti, hununua kwa kuchangiana, na wakiridhika wanakurudia kwenye harusi nyingine. Nitarudi kwao kwenye bei.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya meza kabla ya kugusa mzigo

Wengi hununua kwanza, wakahesabu baadaye. Geuza. Tuseme meza kwa siku mbili ni shilingi 60,000, nauli ya mzigo kwenda na kurudi ni 30,000, na chakula pamoja na posho ya msaidizi ni 30,000. Hizo ni 120,000 ambazo lazima zirudi kabla hujapata hata shilingi moja ya faida.

Sasa angalia faida ya wastani kwa kila kipande. Kama ni shilingi 1,000, unahitaji kuuza vipande 120 ndipo urudishe gharama. Siku mbili za saa nane nane ni saa 16, yaani uuze kipande kimoja kila dakika nane bila kupumzika. Haiwezekani kwa mtu anayeeleza na kuonesha. Faida ya wastani ikiwa 4,000, unahitaji vipande 30, sawa na kimoja kila nusu saa hivi. Hapo unaongea na mteja, unafunga, unarudisha chenji na bado unapumua.

Hesabu hii ndiyo itakayokuambia vitu gani viachwe. Vijiko vya bei ya chini havikatazwi, kwani huleta watu na huvuta mauzo ya mwanzo ya asubuhi. Lakini vikijaa mezani, utachoka bure. Mimi hupendelea sehemu kubwa ya mtaji ikae kwenye vitu vya bei ya kati, vichache viwe vya bei ya juu ili vile vya kati vionekane vinafikika, na vidogo viwekwe pembeni karibu na njia.

Hatua ya 3: Kagua kila aina kwa jaribio lake

Usikubali kuuza kitu ambacho hujakitumia jikoni kwako. Mteja wa maonesho anaweza asikurudie mwaka mzima, ila kwenye simu yake ana watu mia wa kuwaambia kwamba mwiko wako ulipasuka.

*Vya mti.* Hapa ndipo pesa ilipo na ndipo ubovu unapojificha, kwa hiyo kaa hapa muda mrefu. Mninga na mkongo ni mbao zinazotulia; zikishakauka vizuri hazijikunji ovyo. Mwembe ni mwepesi na una mistari mizuri, lakini usipokaushwa upesi hushikwa na madoa na wadudu. Paina ni rahisi, ila ni laini, kisu huacha alama mara moja na mwiko wake huota nyuzi mapema. Mpingo ni mzito mpaka huzama majini, na kijiko chake kinadumu, lakini una masharti yake, nitayataja.

Chukua mwiko mmoja kutoka kwenye mzigo wa fundi, uchovye kwenye maji ya moto, uuache humo usiku kucha, kisha ukaushe kivulini. Ukipasuka, mbao ilikuwa mbichi. Ukiota nyuzi, haukupigwa msasa wa kutosha. Mwambie fundi aulowanishe, aukaushe na kuupiga msasa tena kabla ya kupaka mafuta. Maji yakibadilika rangi au kutoa harufu ya vanishi, usiuchukue. Kitu kinachoingia kwenye chakula cha moto hakihitaji vanishi. Kinahitaji nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya nazi yaliyosafishwa, ikasuguliwa mpaka ikaingia. Nta ya Tabora inapatikana, na kopo dogo la mchanganyiko huo ni bidhaa nyingine ya kuuza pembeni ya vibao.

Angalia pia vitundu vidogo vinavyotoa unga laini. Mbao iliyobunguliwa italeta wadudu kwenye mzigo wako wote. Mtalii naye, akifika Australia au New Zealand ambako vitu vya mti hukaguliwa kwa ukali uwanja wa ndege, kitu chake kitachukuliwa.

Kwa mwiko wa ugali, shika shingo yake na uubonyeze kwenye meza kwa nguvu kama mtu anayesonga. Ukipinda au kulia, hautoboi mwezi. Mwisho wake uwe bapa ili uweze kukwangua chini ya sufuria. Usichukue mirefu tu: anayepikia watu watatu kwenye jiko la gesi hahitaji mwiko wa shughuli.

Muulize fundi mbao imetoka wapi, na akuoneshe risiti au kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa mpingo hili lina uzito zaidi. Tangu Januari 2017 miti yote ya jamii yake iko kwenye orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini. Baadaye masharti yalilegezwa kwa bidhaa zilizokamilika ambazo mpingo wake hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, kwa hiyo mgeni aliyenunua vijiko viwili hana tatizo. Anayetaka kusafirisha maboksi anapaswa kufuata vibali.

*Vya udongo.* Vyungu vizuri kuliko vyote ninavyovijua ni vya Wakisi, vinavyofinyangwa na wanawake wa Ikombe kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa na kuuzwa kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema, wilayani Kyela. Ni vyepesi, vina ukuta mwembamba na umbo lililotulia. Lakini kutoka huko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na vingine vitavunjika. Usijifariji kwamba safari hii vitafika vyote. Tuseme umenunua vyungu 20. Gawanya gharama yote, pamoja na nauli, kwa 17, na hiyo ndiyo bei yako ya kununulia.

Gonga chungu kwa kifundo cha kidole. Kikilia wazi, kizima. Kikitoa sauti iliyokufa, kina ufa hata kama huuoni. Kisha jaza maji na ukiweke juu ya karatasi kavu usiku mmoja. Jasho kidogo nje ni kawaida kwa udongo usiopakwa kitu. Dimbwi si kawaida.

Jambo linalosahauliwa sana ni jiko la mteja. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mjini gesi tayari ni ya kila siku. Chungu chenye kitako cha mviringo kilikaa vizuri kwenye mafiga. Kwenye jiko la gesi kinayumba, na moto mkali wa ghafla unakipasua. Kwa hiyo chagua vyenye kitako kilichobonyea kidogo, au mwagize fundi wa kuchomelea akutengenezee pete za chuma uziuze pamoja nacho. Mwambie mteja achemshe uji mwepesi kwenye chungu kipya kabla ya kupikia, ili wanga uzibe vitundu, na kila siku aanze na moto mdogo. Andika maelezo hayo kwenye karatasi ndogo na uiweke ndani ya chungu. Karatasi hiyo itakuokoa na lawama nyingi.

*Vya kusuka.* Kawa, ungo, kung'uto, kifumbu, vikapu vya milulu vya Iringa. Jaribio la kwanza ni la rangi: lowanisha kitambaa cheupe, sugua. Rangi ikitoka, kawa hiyo ni ya ukutani tu, na umwambie mteja hivyo. La pili ni ukingo. Vuta kidogo pale msuko ulipomalizikia, ndipo unapofumukia. La tatu ni pua. Ukindu uliofungwa kabla ya kukauka hunuka ukungu, na harufu hiyo haiishi. Vikapu vya milulu vinauzika sana kama chombo cha matunda au mkate, na faida yake kubwa ni kwamba havivunjiki, havina uzito, na vinabeba vitu vingine wakati wa safari.

*Vya chuma na jiwe.* Kwa mbuzi ya nazi, pitisha kidole taratibu kwenye meno. Yawe makali sawasawa na yaliyoshikiliwa imara kwenye ubao, kisha ikalie uone kama inacheza. Vyombo vya mawe ya Tabaka kutoka Kisii, Kenya, ni vizuri kwa chumvi na matunda, lakini vilivyopakwa rangi na kung'arishwa kwa kiwi visiguse chakula. Ukivileta mwenyewe kupitia Sirari na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, ulizia pale mpakani hati rahisi ya uasilia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani ya kuonesha bidhaa imetoka nchi gani.

Sufuria zilizoyeyushwa kutoka vyuma chakavu sizichukui, na ninakusihi usizichukue kama hujui zimetoka kwenye nini. Vipande vya injini na betri vikichanganyika humo vinaweza kuleta madini ya risasi, na nyanya, ukwaju au ndimu huyatoa na kuyaingiza kwenye mchuzi. Anayeumia zaidi ni mtoto. Hakuna faida ya meza inayolipa hilo.

Hatua ya 4: Weka kitu kimoja cha kukusanya watu

Kila meza inahitaji kitu kinachofanya kazi mbele za watu. Mbuzi ya nazi ni mfalme hapa. Mtu mmoja akikaa akaanza kukuna, harufu ya nazi inatembea, watoto wanasimama, wazazi wanasimama nyuma yao. Watakaoinunua mbuzi ni wachache, kwa sababu wengi mjini wana mashine za kusagia au wananunua nazi iliyokunwa. Lakini wakiwa wamesimama wanashika vibao, wanauliza mwiko, wanapima msukumio kiganjani.

Kwa hiyo nunua mbuzi mbili au tatu tu za kuuza na moja ya kazi. Msukumio na kibao cha chapati navyo vinaweza kufanya kazi hiyo, ukiwa na unga uliokandwa na kibali cha waandaaji. Maswali yatakuja yenyewe:

"Huu mwiko una nini hadi uwe elfu sita? Kariakoo upo wa elfu mbili."

"Ushike kwanza, dada yangu. Huu ni mninga, umekaushwa. Bonyeza hapo shingoni, halafu bonyeza na huu wa paina."

Ndiyo maana ninaweka mwiko mmoja wa paina mezani, si wa kuuza. Mkono wa mteja unamaliza mazungumzo.

Hatua ya 5: Agiza kwa aina chache, kwa kina

Meza yenye aina 30 za vitu viwili viwili huonekana kama mabaki. Chagua aina nane hadi kumi na mbili, na zile tatu unazoziamini zaidi ziwe nyingi za kutosha hadi jioni ya siku ya mwisho. Mteja akipenda kibao na kikawa kimebaki kimoja chenye doa, umempoteza.

Toa sampuli moja kwa fundi, mkubaliane urefu, unene na umaliziaji, na uiache kwake ili asiseme amesahau. Toa malipo ya awali, mpange tarehe ya kuchukua iwe wiki mbili kabla ya maonesho. Fundi mzuri ana wateja wengi, na wiki ya Sabasaba kila mtu yuko mlangoni kwake.

Kuhusu mali kauli, yaani kuchukua mzigo na kumlipa fundi baada ya kuuza: kwa vitu vya bei ya juu, kama masinia ya mti au vinu vya kuchongwa, ni njia nzuri ya kupanua meza bila kufunga mtaji. Andika kila kipande, bei ya fundi, na nani atalipia kikivunjika. Kwa wasusi na wafinyanzi wa vijijini usifanye hivyo. Mama aliyekaa wiki nzima akisuka kawa anahitaji pesa yake aondoke nayo siku ile ile, na wewe ndiye mwenye uwezo wa kubeba hasara ya kusubiri.

Viungo vya chakula vinavutia kuviweka pembeni ya vinu, ila tangu 2019 usajili wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Ukitaka kufungasha pilipili au masala yako, anzia ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wako wakuelekeze. Karafuu za Zanzibar hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC, kwa hiyo usijaribu kuzibeba kimyakimya.

Hatua ya 6: Panga bei na namna mteja atakavyobeba

Jumlisha bei ya fundi, nauli, kuvunjika na sehemu ya gharama ya meza, ndipo uongeze faida. Acha nafasi ndogo ya kupatana, kwa sababu mteja wetu hujisikia amedharauliwa asipopunguziwa hata kidogo. Lakini bei ya mwisho uijue kabla hujatoka nyumbani, usiitafute ukiwa umechoka saa kumi na moja jioni.

Sasa kicheni pati. Tengeneza seti tatu tayari: ndogo ya mwiko, upawa na kibao, ya kati yenye msukumio, kibao cha chapati na kinu kidogo cha thomu, kubwa ndani ya kikapu cha milulu pamoja na kawa. Zifunge kwa kitambaa cha kanga au kitenge na uziweke juu, mahali panapoonekana. Bei ya seti iwe chini kidogo ya jumla ya vipande vyake. Mwachie mnunuzi kadi yenye namba yako ya simu, maana kamati ina wanawake wengi ambao hawakufika.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, hivyo nunua mapema mifuko mbadala, karatasi na kamba ya katani. Vyungu vifungwe kwa magazeti ndani na nje. Uwe na lipa namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na chenji za noti ndogo za siku nzima.

Hatua ya 7: Hesabu kilichorudi

Usiku wa siku ya mwisho, kabla ya kupakua stoo, andika kila aina: ulibeba ngapi, zimerudi ngapi, na watu waliuliza nini ambacho hukuwa nacho. Kilichoisha siku ya kwanza, agiza mara mbili. Kilichoshikwa na wengi kikarudishwa mezani kina tatizo la bei au la ukubwa. Shusha, au mwambie fundi apunguze. Kisichoshikwa na mtu kitoe, hata kama wewe unakipenda. Vilivyopata mkwaruzo vipigwe msasa na kupakwa nta upya wiki hiyo hiyo, na fundi apigiwe simu asubuhi inayofuata akiwa bado hajapokea oda za wengine.